Thamostati ya kununua kwa anayefanya shifti ya usiku

Kila baridi ikianza, malalamiko ninayoletewa na ndugu zetu wa Columbus na Minneapolis, Marekani, ni yale yale. Mtu kanunua thamostati (kifaa cha ukutani kinachoongoza joto la nyumba) ya kupanga ratiba, anarudi kazini asubuhi amechoka, akilala tu nyumba inaanza kupoa. Jioni akijiandaa kutoka, hita ndiyo kwanza inapandisha joto. Wote wanataka niwatajie kampuni nzuri. Mimi nauliza kwanza: boksi limeandikwa 7-day au 5-2?

Rangi na ukubwa wa kioo utaviona mwenyewe dukani. Tatizo liko kwenye hizo namba. Thamostati ya 5-2 ina ratiba mbili tu: moja ya Jumatatu hadi Ijumaa, nyingine ya Jumamosi na Jumapili; ya 7-day kila siku ina ratiba yake. Hiyo 5-2 ni ya mtu wa ofisini. Ratiba inayokuja nayo kutoka kiwandani mara nyingi hukaribia hivi: saa 12 asubuhi nyuzi 70 za Farenhaiti, saa 2 asubuhi zinashuka hadi 62, saa 12 jioni zinapanda tena, saa 4 usiku zinashuka. Sasa dada anayehudumia wazee usiku kucha, anayelala saa 2 hiyo hiyo ya asubuhi na mapumziko yake ni Jumanne na Jumatano, afanye nini? Saa za ratiba hiyo anaweza kuzigeuza, lakini Jumanne ni lazima iwe na saa zile zile za Jumatatu. Mwishowe anabonyeza Hold, na Hold ya kudumu husimamisha ratiba nzima. Joto linabaki 70 usiku na mchana mpaka bili ifike. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha nyuzi 7 hadi 10 kwa saa 8 kila siku unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama ya kupasha na kupoza nyumba kwa mwaka. Kwa Hold, akiba hiyo huipati. (Wenye pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, wasishushe sana: wakati wa kupandisha, hita ya akiba huwaka na kula umeme.)

Ya kwanza kwangu ni Honeywell Home T4 Pro, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Unachagua mwenyewe iwe 5-2 au kila siku na ratiba yake, inatumia betri mbili za AA, na haidai intaneti wala akaunti. Ukipenda kioo cha kugusa, chukua RTH7600D ya kampuni hiyo hiyo, nayo ni ya siku 7.

Ya pili ni Sensi. Siku zote 7 unazipanga kwenye simu, hata ukiwa kazini wakati wa chai, shifti ikibadilishwa ghafla.

Ya tatu ni ecobee. Ni nzuri lakini ghali, na ina vihisi vinavyoangalia kama kuna mtu nyumbani. Usingizi wako wa mchana uandike kama Sleep, maana aliyelala hatembei mbele ya kihisi.

Nest naiweka mwisho kwa watu wetu. Sifa yake kubwa ni kujifunza mazoea yako, na mtu anayebadilishiwa zamu kila wiki hana mazoea ya kufundisha. Ukiikuta ya mitumba kwa bei ya chini, chunguza kizazi chake: Google, wenye Nest, iliacha kuhudumia kizazi cha kwanza na cha pili Oktoba 2025, hivyo huwezi tena kuziongoza kwa simu.

Za bei rahisi nyingi ni 5-2. Hizo ziache.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Namba hiyo, inayoamua kila kitu, inachapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa boksi, huku neno «programmable» likijaa mbele. Ukiuliza, unasukumiwa ya Wi-Fi ya bei kubwa, na hakuna anayekwambia kwamba makampuni mengi ya umeme na gesi hurudisha sehemu ya bei ya thamostati za aina hiyo. Kisha anakuja fundi kukutoza pesa nyingi kwa kuhamisha waya nne au tano, kazi ambayo ukizima umeme wa hita na kupiga picha waya kabla ya kuzichomoa unaimaliza mwenyewe. Ila ukifungua ukakuta waya nene za volti 120 au 240, kama za hita za ukutani, funga palepale: hizi nilizotaja zote ni za volti 24.