Fundi saa wa Soko la Majengo, Dodoma: saa ya marehemu baba imerudi kutembea

Baba alifanya kazi ya reli hapa stesheni ya Dodoma, na saa yake ya mfukoni ndiyo aliyokuwa akiitazama kabla ya kuruhusu treni. Ilisimama miaka miwili baada ya kumzika. Kuna fundi wa mji mwingine niliyempelekea kwanza. Aliirudisha ikatembea siku tatu, ikasimama tena, na skrubu moja ya mfuniko wa nyuma haikuwepo. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kabatini.

Huyu wa Majengo hana bango. Yuko barazani nyuma ya soko, ana meza yenye sanduku la kioo, na binti yake wa sekondari hukaa naye wakati wa likizo. Nilimwamkia, akapokea saa kwa mikono miwili, akabana lenzi jichoni na kuitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha: "Mama, saa haijafa hii. Imekula vumbi." Akanionyesha kwa ncha ya kibano: vumbi letu la Dodoma limeganda na mafuta ya zamani, likawa utando mweusi kwenye meno ya magurudumu.

Kuisafisha kulichukua siku moja. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Alikataa kunipa. Alikaa nayo siku sita zaidi, na kila asubuhi saa moja kamili binti alikuwa akiilinganisha na saa ya simu na kuandika kwenye daftari. Siku ya kwanza iliwahi sekunde 50, ya pili 48. Baba mtu akaigusa kidogo ndani. Siku ya nne 11, ya tano 9, ya sita 9. "Ikiwahi kiasi kilekile kila siku, hiyo unaweza kuiamini," fundi aliniambia. "Mbaya ni ile ya leo inawahi, kesho inachelewa."

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na niliposikia hayo nikamkumbuka Maria Mitchell, mwanaastronomia wa Marekani, ambaye humtaja kila mwaka nikifundisha longitudo, yaani nyuzi zinazoonyesha mahali palipo mashariki au magharibi. Alizaliwa mwaka 1818 katika kisiwa cha Nantucket, Marekani, kwenye familia ya watoto kumi ya madhehebu ya Quaker, watu walioona binti asome kama kaka zake. Baba yake, William, alikuwa mwalimu, na manahodha wa meli za kuwinda nyangumi walimletea kronometa zao, saa sahihi za kujulia longitudo baharini, azipime kwa nyota kabla ya safari, wajue kila moja inawahi au inachelewa kiasi gani kwa siku. Kazi hiyo Maria aliifanya akiwa bado msichana mdogo. Mwaka 1831, ana miaka 12, jua lilipopatwa, baba alitazama kwa darubini naye akahesabu sekunde, wakapata longitudo ya nyumba yao.

Sekunde hizo si mchezo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo kronometa ikikosea dakika moja tu, nahodha aliye karibu na ikweta anajiweka mahali pasipo pake kwa karibu kilomita 28. Hata sisi hapa saa zetu zinafuata nyuzi 45 mashariki ilhali Dodoma iko karibu na 36, ndiyo maana jua letu hufika katikati, kwa wastani, dakika 37 hivi baada ya saa sita mchana.

Maria aliyezoeshwa hesabu hizo na baba yake ndiye aliyegundua nyotamkia usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847, akiwa juu ya paa la benki ambamo baba alifanya kazi na familia iliishi. Mfalme wa Denmark alimpa medali ya dhahabu. Mwaka 1865 akawa profesa wa astronomia chuo cha Vassar.

Nilimsimulia yule binti habari hizi nikisubiri saa yangu. Aliuliza jambo moja: "Daftari la baba yake waliliandikaje?" Nilifurahi sana kuulizwa hivyo.

Nililipa shilingi 35,000, skrubu mpya ikiwemo. Kioo alichoweka ni cha plastiki na tayari kina mkwaruzo; angeniambia mapema ningetafuta cha kioo halisi. Hatoi risiti, na simu hapokei akiwa kazini, hivyo nenda mwenyewe asubuhi. Ijumaa huondoka saa sita kwenda kuswali.

Ndani ya mfuniko nilikuta kikaratasi cha mwandiko wa binti: inawahi sekunde 9 kwa siku. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, narudisha mshale nyuma dakika moja.