Hita ya gesi ya bwawa: kabla hujauliza bei, soma kibandiko

Juni ikiingia Arusha meseji za hita zinaanza kumiminika, maana maji ya bwawa yanakuwa ya kugusa kidole tu unarudi ndani, na mwenye nyumba ya wageni akishalalamikiwa na wazungu wawili watatu anaenda kununua kwa hasira. Safari hii kilichoniudhi ni kisa cha dada mmoja wa Usa River. Kaletewa hita kutoka nje, mpya kabisa, imefungwa na fundi, imewashwa, moto ukawa mrefu wa njano, bomba la moshi likajaa masizi na mlinzi akaanza kuumwa kichwa. Muuzaji anamwambia eti gesi ya Arusha ni chafu. Gesi chafu! Nikamwambia nipigie picha kibandiko cha ubavuni, akapiga: NATURAL GAS, yaani gesi asilia.

Sasa hapo ndipo nataka tukae, habari za rangi na skrini mtasoma kwenye boksi.

Hita hizi zinatengenezwa za aina mbili, ya gesi asilia na ya gesi ya mitungi, na kwa nje ni pacha huwezi kuzitofautisha. Gesi asilia ya Songosongo imefika Dar tangu 2004 na hata huko nyumba zilizounganishwa ni chache, sisi huku kwetu ni mtungi tu, yaani propani na butani. Ujazo uleule wa propani una nishati kama mara mbili na nusu ya gesi asilia, kwa hiyo hita ya gesi asilia ina nozeli zenye tundu kubwa, ukiipa gesi ya mtungi inamwagiwa gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Matokeo ni masizi kwenye koili, yale mabomba ambamo maji yanapita yakipashwa moto, na kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, haina harufu wala rangi. Fundi atakwambia nitapunguza regyuleta. Kataa. Dawa ni seti ya kubadilishia ya kiwanda chenyewe kwa modeli hiyohiyo, au urudishe mzigo. Kibandiko kiseme PROPANE au LP, yaani gesi ya mitungi, basi. Na kama muuzaji hawezi kukupigia picha ya kibandiko kabla hujalipa, huyo hauzi hita, anauza boksi.

Sasa nazipanga, na sifichi upande wangu.

Ya kwanza ni Hayward, zile za Universal H-Series. Sababu yangu ni moja, koili yake ni shaba iliyochanganywa na nikeli, inavumilia klorini kuliko shaba tupu, na mabwawa ya huku kwetu klorini inamwagwa kwa ndoo na mtu ambaye hajawahi kupima pH, kile kipimo cha uchachu wa maji. Iweke pH kati ya 7.2 na 7.8, na usiweke vidonge vya klorini kwenye kile kikapu cha pembeni ya bwawa, maana maji makali yanaenda moja kwa moja kwenye hita. Kama una kifaa cha kulisha klorini kifungwe baada ya hita, kisifungwe kabla.

Ya pili Pentair MasterTemp, ndogo kwa umbo, ina feni, na kama unaichukua basi chukua HD ambayo nayo ina nikeli. Ya tatu Raypak, chuma cha kazi kweli, lakini yale matoleo yasiyo na feni mimi siyataki sehemu yenye upepo, hewa ikirudi chini kwenye bomba la moshi unarudi kulekule kwenye masizi. Za bei ya chini zisizo na jina, na zile gija za bafuni mafundi wanazozigeuza kuwa za bwawa, hapana, tuendelee.

Ukubwa nao wanawadanganya sana. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha mita 1.4 lina kama lita 45,000, na kupandisha digrii moja tu kunakula kama kilo 5 za gesi. Kutoka 20 hadi 28 umeshamaliza mtungi wa kilo 38 na zaidi, na hapo bado baridi ya usiku haijachukua chake. Ndiyo maana nasema nunua turubai la kufunika bwawa kabla ya hita, joto jingi linapotea kwa mvuke juu ya maji. Halafu hita ya BTU 400,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) inakunywa kama kilo 8 na nusu kwa saa, mtungi mmoja hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo, unaganda barafu nje na moto unazima wakati gesi bado imo, mtu anadhani kaibiwa. Inatakiwa mitungi kadhaa iunganishwe au tenki. Na kwa mwinuko wa Arusha, kama mita 1,400, nguvu inashuka, hesabu inayotumika ni asilimia 4 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo usishangae namba ya kwenye boksi isipofikiwa.

Kufunga: nje, juu ya zege, pawe wazi. Usikubali iingizwe kwenye lile shimo la pampu, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini humo inasubiri cheche. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni, na ukimwona fundi anatoa kiberiti mwondoe kwako. Pampu itangulie kuwaka ndipo hita, na wakati wa kuzima hita itangulie, pampu ibaki ikizungusha dakika chache. Ikikaa miezi bila kazi fungua ucheki buibui kwenye njia za gesi na panya kwenye nyaya.

Bei sasa. Nimezunguka mjini, kila duka linataja dola, wakati kanuni za 2025 zimeshapiga marufuku kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni. Juu yake VAT asilimia 18, halafu usafiri, halafu "ufundi" ambao ukiuliza ni nini hasa unaambiwa ni wa kitaalamu. Duka moja nilipoomba bei kwa shilingi kijana akaniambia ngoja nimuulize bosi, na nilipoomba picha ya kibandiko akaniuliza dada, wewe unanunua hita au stika?