Shokapu mpya za nyuma kwenye pikipiki ya Boxer: zenyewe nzuri, shida ni bushi

Shokapu zenyewe sina neno nazo. Nabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hadi Igoma, hapa Mwanza, gunia limelala nyuma, na tairi haligongi tena madigadi nikipita kwenye matuta. Kazi ilikuwa kuzifunga.

Dukani niliambiwa ni za Boxer, unapachika tu. Urefu kweli ulilingana na wa zile za zamani, kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Lakini tundu la juu liligoma kuingia kwenye bolti ya fremu, na fundi wa kwanza akafuata nyundo. Ukiona hivyo, chukua pikipiki yako uondoke.

Nikaikokota hadi kwa mzee mmoja Mabatini. "Ng'wanawane (mwanangu), hapa hakuna cha kugonga," akaniambia, akanionyesha bushi mbili, zile raba zinazokaa ndani ya tundu la shokapu, ya zamani na mpya. Angalia kile kibomba cha chuma kilichomo ndani ya raba. Cha zamani kinachomoza kidogo pande zote mbili; kipya tundu lake ni jembamba, halafu ni kifupi, kimezama ndani ya raba. Hata ungelilazimisha likaingia, ukikaza nati washa ingebana raba badala ya chuma. Shokapu inakosa kucheza, nyuma inakuwa ngumu kama ubao, raba nayo haidumu. Mzee akazitoa mpya kwa jiriwa, akapaka maji ya sabuni, akapachika zile za zamani, maana zilikuwa bado nzima.

Alifunga upande mmoja ndipo akafungua wa pili, tairi lisining'inie. Nati hakuzikaza hadi mwisho pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Aliishusha kwanza, akanikalisha juu, kisha akakaza, ili raba zisibaki zimejipinda. Springi ya kushoto ilikuwa imewekwa kituo cha kwanza cha ugumu, ya kulia cha tatu (hiyo nayo imetoka dukani hivyo hivyo!), akazilinganisha. Akamalizia na cheni, kwani nyuma ikiinuka ulegevu wake nao hubadilika. Ufundi elfu tano, na sikuomba kupunguziwa.

Dukani nilirudi kudai bushi sahihi, wakasema kitu kikishafungwa hakirudi. Kwa hiyo nenda na shokapu yako ya zamani mkononi, linganisha vibomba palepale kaunta kabla hujatoa hela. Mafuta bado hayajavuja kwenye fimbo ya shokapu, yakianza nitasema.