Kuishi kwenye jumba la kale lililogawanywa: uzoefu wangu

Familia yangu inaishi ghorofa ya kwanza ya jumba la kale ambalo mkandarasi aliligawa likawa makazi ya familia kadhaa, kila moja na mlango wake, jiko lake na bafu lake. Wageni wakija husifia jiko. Mimi huwaonyesha dari.

Sebule na chumba cha watoto vilikuwa ukumbi mmoja, na dari yake imezungukwa na nakshi za plasta. Ukuta mpya haukuzikata. Umechongwa kwa juu kufuata kila mkunjo wa nakshi, kiasi kwamba ukibomolewa kesho zitabaki nzima. Wahifadhi hupenda kazi inayoweza kuondolewa bila kuacha jeraha, na hapa mafundi walitulia. Kasoro ni kwamba chumba cha watoto sasa kimekwenda juu kuliko kilivyo kipana. Ukilala chali unajiona uko kisimani.

Kelele ndilo jambo la kuchunguza kabla ya kusaini chochote. Jumba la sakafu za mbao halikujengwa ili familia moja ilale juu ya nyingine. Kwetu walijaza pamba ya kuzuia sauti katikati ya boriti, wakashusha dari ya pili huko jikoni na kwenye vyumba visivyo na nakshi, kisha wakaziba matundu ya mabomba ili moto nao usipate njia. Mazungumzo ya juu hatuyasikii kabisa. Kishindo cha miguu ni habari nyingine: hicho hupita kwenye boriti zenyewe, na dawa yake ni tabaka laini chini ya sakafu ya jirani. Kwenye korido ya jirani hawakuliweka. Akivaa viatu vigumu, tunajua anaelekea wapi.

Bafu limeinuliwa kwa ngazi moja, maana bomba la maji taka lazima lipate mteremko na boriti za zamani haziruhusiwi kukatwa ovyo. Tumezoea. Madirisha ni yale yale ya awali, ila kwa ndani yameongezewa fremu ya pili ya kioo, na makelele ya barabarani yamepungua sana.

Lalamiko langu kubwa lilikuwa ukuta wa nje, ambao fundi aliupiga plasta ya saruji. Kuta za matofali na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa zenyewe. Saruji huufungia ndani. Rangi ilianza kubanduka. Kwa bahati mkataba ulikuwa na kipindi cha kurekebisha kasoro, wakarudi, wakaikwangua yote na kupiga chokaa. Ukuta umekauka.

Intaneti haipenyi kuta zile nene, kwa hiyo tumepitisha waya hadi chumba cha nyuma. Paa, ngazi na mifereji tunachangia sote, na kila familia ina asilimia yake kwenye hati.

Nampa mkandarasi nyota nne. Kama ningenunua tena hapa, ningechukua ghorofa ya juu kabisa.