Bomba la moshi la jiko: bati la zinki au stenlesi?

Kwetu Pemba, chumvi ya bahari hulila bomba kwa nje, na masizi ya kuni mbichi, yenye asidi, hulila kwa ndani. Bati la zinki ni rahisi, na fundi yeyote wa mabati atakukunjia. Ila karibu na jiko silitaki kabisa: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za selsiasi, na ikiungua moshi wake hudhuru kifua.

Stenlesi, hasa ya daraja la 316, huvumilia chumvi zaidi. Bei yake kali.

Bomba lolote ulilonalo, jiko likipoa ligongegonge bomba hilo na ulibonyeze kwenye maungio. Likibonyea, au ukiona tundu, libadilishe siku hiyohiyo, hasa kama banda lako la makuti.