Uzoefu wangu wa kukodi RV: siku ya kuhama kutoka Cheyenne hadi Rock Springs

Review nyingi za hizi RV za kukodi hapa Marekani, yaani magari yenye nyumba ndani, zinaongelea kitanda, jiko, na watoto walivyofurahi kulala kule juu ya kichwa cha dereva, lakini siku ya kuhama kambi moja kwenda nyingine inakuwaje huambiwi. Na kwa safari ndefu kama yetu ya kutoka Omaha kwenda Utah, siku za kuhama ndo safari yenyewe, kwa hiyo mimi naongelea hiyo tu, ile siku tuliyovuka Wyoming.

Gari ni Class C, ile aina yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, chasi ya Ford E-450, hiyo chasi mwisho wake pauni 14,500 yaani kama tani sita na nusu, na leseni yangu ya kawaida ilitosha. Mimi ndo dereva, mume wangu mambo ya maji na umeme, na mama yangu alikuja kututembelea toka Tanga.

Asubuhi ya kuhama ina kazi jamani. Kwanza unazima swichi kwenye nguzo ya umeme ya kambi ndo uchomoe ule waya mnene, unafungua mpira wa maji safi, halafu inakuja kazi ambayo kila mtu anaikwepa, kumwaga matangi. Unavaa glavu, unaunga ule mpira mpana wenye mikunjo kwenye shimo la maji taka, unafungua valvu ya tangi la choo kwanza, likiisha kabisa ndo unafungua la sinki na bafu ili yale maji ya sabuni yasafishe mpira yakipita. Ukigeuza huo utaratibu utatembea na uchafu kwenye mpira siku nzima. Huku ndani mimi narudisha slaidi, ile sehemu ya ukuta inayosogea nje kuongeza nafasi, nafunga makabati, nafunga gesi. Mama alitaka tuwe tunachemsha chai njiani, nikamwambia mama samahani, hiki kitu kikitembea jiko haliwashwi, na wewe unakaa na mkanda.

Hapo ndo nina lawama na kampuni. Komeo za makabati ya juu zilikuwa zimelegea tangu tunakabidhiwa gari, tukawaonyesha wakasema haina shida, tunatoka kambini kona ya kwanza masufuria yote chini. Namshukuru Mungu mama alikuwa amekaa upande mwingine. Tukayafunga kwa kamba za mpira mpaka mwisho wa safari, na kwa hela waliyochukua haikutakiwa kuwa hivyo.

Kutoka Cheyenne barabara ya I-80 inapanda hadi mita 2,633, ndo juu kabisa kwa I-80 nzima kuanzia New Jersey hadi San Francisco, kuna sehemu ya kupumzika na sanamu kubwa ya kichwa cha Abraham Lincoln. Injini inalia ila inapanda, unakaa kulia na malori, huna haraka. Kushuka kwenda Laramie ndo pa kuwa makini, unabonyeza kitufe cha Tow/Haul gari linashuka kwa gia lenyewe, breki unazigusa tu, usizikalie zikapata moto.

Sasa upepo. Aisee upepo wa Wyoming usiusikie. RV ina ubavu mrefu mnapigwa kama tanga la jahazi, na lori likikupita kwanza linakuvuta, halafu likimaliza kupita upepo unarudi wote kwa mpigo mmoja na usukani unautaka mikono miwili. Mama kule nyuma "mwanangu, polepole" na mimi niko polepole tayari, mwendo wangu ulikuwa maili 55 na sikuona aibu kupitwa. Jimbo wana huduma ya 511 ya kuangalia hali ya barabara, unaangalia kabla hujatoka, na kuna mabango ya umeme barabarani yanayofunga njia kwa magari marefu mepesi upepo ukizidi. Kipande kibaya ni kile cha Arlington na Elk Mountain, kwa hiyo Laramie tuliiacha I-80 tukachukua barabara ya zamani ya US 30 kupitia Rock River na Medicine Bow. Inazunguka kidogo, na upepo upo, ila malori ni machache sana na hiyo ndo tofauti, mabega yalishuka.

Medicine Bow tukasimama kula, tumewasha jenereta tupashe wali kwenye microwave, ikazima. Ikiwashwa inazima. Sio ubovu, jenereta inanyonya petroli kwenye tangi lile lile la gari, na bomba lake limewekwa juu kidogo, mafuta yakishuka kama robo linakosa cha kunyonya ili usije ukakwama njiani kwa sababu ya kiyoyozi. Ni wazo zuri kabisa ila walitakiwa watuambie siku ya makabidhiano. Na mafuta linakula kweli kweli, galoni moja maili 8 au 9, kwenye upepo wa mbele inashuka zaidi, mkipanga bajeti anzeni na hapo.

Kutoka Rawlins ni bonde la jangwa lenye majani ya kijivu, na maji ya mvua ya bonde lile hayaendi Pasifiki wala Atlantiki, yanaishia humo humo. Mama alilipenda kuliko milima, akasema ameona mbingu yote. Tukafika Rock Springs jioni, na ukifika hujamaliza, unaweka vibao chini ya matairi gari likae sawa maana friji ya gesi haipozi vizuri ikiinama.

Ni maili kama 275 hivi kwa njia tuliyopita na imekula siku nzima. Usipange zaidi ya hapo hata kama ramani inakwambia masaa manne.

Gari lenyewe nitalikodi tena, kampuni ile hapana. Na popote utakapokodi, chungulia ubavu wa tairi kwenye ule mstari unaoanza na herufi DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi za RV zinazeeka zikiwa na kashata nzuri kabisa. Ukiona ni za zamani waambie wabadilishe kabla hujasaini.