TAHADHARI: "Tinti ya F-16" ni feki, msitume pesa

Wadau wa modeli za plastiki, hasa mnaounganisha ndege: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kitu anachokiita "tinti ya dhahabu ya F-16", yaani rangi ya kupaka kioo cha rubani cha modeli ya ndege hiyo ya kivita. Anadai ni rangi ya Tamiya, kampuni ya Japani ya modeli, ila ameigawa kwenye vichupa vya plastiki ili na sisi wanyonge tuimudu. Picha zake zinavutia kweli. Mzigo wenyewe uchafu mtupu.

Harufu tu inatosha kukushtua. Akriliki ya Tamiya inanuka spiriti. Hii inanuka gereji ya kupaka rangi magari, yaani ndani kuna thina kali. Vioo vya modeli zetu ni plastiki ya polistireni, na thina hiyo inaila. Changu kilianza kupasuka vimistari vidogovidogo rangi ikiwa bado mbichi, kikamalizikia kuwa na ukungu. Usihangaike kuusugua, umeshaingia kwenye plastiki yenyewe. Kipande kingine nilikipaka nikakiweka dirishani, kikapauka. Nahisi kachakachua wino wa printa. Nilipomuuliza akasema mkono wangu mzito, na nilipomtumia picha akanibloku.

Halafu hiyo tinti wala haihitaji dawa ya siri. Kwenye F-16 halisi ni utando mwembamba sana wa metali juu ya kioo, wa kupunguza mwangwi wa rada. Kwenye modeli chukua akriliki ya Tamiya namba X-19, ile ya moshi, dondoshea X-24 ya njano kidogo sana, zimua kwa X-20A, thina yao ya akriliki, kisha pulizia tabaka jepesi kwa ndani. Ikikataa, unaifuta na kuanza upya. Taa za mabawa ni X-27 nyekundu kushoto na X-25 kijani kulia, basi.

Akriliki hizo za Tamiya huja kwenye chupa za kioo, ml 10 au 23, namba ikiwa kwenye lebo. Mwenye kichupa kisicho na lebo mwache nacho. Kama umeshanunua, usiguse kioo cha ndege: dondoshea kwanza kwenye ile fremu ya plastiki angavu inayobaki ukishakata vipande, uiache mpaka asubuhi.

Jina na namba anabadilisha kila mara. Utamjua kwa haya: anataka pesa yote kabla ya kutuma mzigo, na ukimwomba video akifungua chupa ya Tamiya anayodai kuigawa, simu yake inaishiwa chaji.